Mvua, Ndevu na Vinu Viwili Vipya

Jumanne, 4 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na leo hii hii redio imetangaza kwamba serikali itajenga vinu viwili vipya vya nyuklia hapa kwetu, ubavuni mwa kile cha zamani, na vikishawaka, kituo cha makaa ya mawe kitafungwa. Mambo makubwa hayapendi kutembea peke yake. Nikajiambia: nchi ikijitwisha jambo zito namna hii, lazima awepo mtu mwenye kichwa wa kuandika yanayotokea, na katika mtaa huu, ukinitoa mimi, simwoni. Shule niliiachia darasa la sita. Si kwamba nilishindwa. Mwalimu mwenyewe alikiri mbele ya mama yangu kwamba hana tena la kunifundisha. Mama alivyoyaelewa maneno yale, alinichapa.

Mimi ni kinyozi, jina la mtaani Wembe. Kiti changu kimekaliwa na mainjinia, mahakimu na majambazi, na yuko mmoja aliyekuwa vyote vitatu kwa nyakati tofauti. Nikishika kisogo cha mtu kwa vidole viwili nakwambia anafanya kazi gani na mke wake ana hasira za aina gani. Atakayesoma haya baadaye asidhani natia chumvi. Chumvi naitia nikiongea, hapa naandika.

Alhamisi, 6 Machi

Umeme umekatika mara mbili. Mteja mmoja ameondoka na nusu kichwa chini ya kofia. Nusu iliyobaki ataileta kesho, Mungu na shirika la umeme wakipenda.

Jumapili, 9 Machi

Msimu umeingia. Kila mwaka mvua zikianza kujaza mabwawa, umeme wa maji unaweza kubeba mzigo kidogo, basi kinu cha zamani huzimwa kifanyiwe matengenezo. Hapo mji hufurika: mafundi bomba, wachomeleaji, wapaka rangi, wapimaji, wanaume kwa mamia, na wote wana ndevu. Na mwenye ndevu haingii. Ndani kuna sehemu ambazo lazima mtu avae barakoa ya mpira inayobana uso wote, na barakoa haishiki juu ya ndevu, hewa hupenya pembeni. Mlangoni kuna mtu wa kupima. Hata vinyweleo vya jana tu humrudisha mtu alikotoka, na alikotoka ni kwangu.

Kwa hiyo nikisema kinu kile bila mimi hakiwaki, sijisifu. Natoa taarifa.

Jumatano, 12 Machi

Mvua toka asubuhi. Benchi limejaa, wengine wamesimama, na hakuna anayeweza kutoka. Hali kama hii ni baraka kwa mtu mwenye hadithi.

Fundi simu wa ng'ambo ya barabara alikuwepo. Huja kukaa kwangu akikosa wateja, yaani kila siku. Akaniuliza, "Wembe, hawa watu wa kinu mbona wanatoka hapa laini kama watoto wachanga? Wanaenda kufanywa nini huko?"

Jibu la kweli ni lile la barakoa. Lakini jibu la kweli lilikuwa fupi na mvua ilikuwa ndefu. Nikawaambia habari za Yai.

Yai ni mchomeleaji wa mabomba pale kinuni, mteja wangu wa miaka mingi. Kwangu hunyoa kidevu tu. Kichwani hakuna kazi, ndiyo maana ya jina. Nikasema: mnamwona Yai? Huyu alikuwa na nywele kama simba. Kitana kiliingia asubuhi kikatoka jioni. Siku moja akatumwa chumba cha ndani kabisa, akakaa kiasi cha kunywa chai. Alipotoka, akavua kofia ya kazi, na nywele zote zikabaki ndani ya kofia, zimejipanga vilevile, na njia yake pembeni.

"Na njia yake pembeni!" Fundi simu alilia kwa kicheko.

Kijana mmoja kwenye kona hakucheka. Akauliza, "Na ile kofia iko wapi?"

"Imefungiwa," nikasema. "Serikali ina ufunguo."

Nimeongeza wateja wanne leo kwa sababu ya kofia ile.

Jumapili, 16 Machi

Leo nimekwenda kwa dada yangu mkubwa, kama Jumapili zote. Yeye ni fundi cherehani, anashona sare za shule mbele ya nyumba yake, na anaishi na binti yake, mpwa wangu, ambaye amemaliza chuo cha ufundi wa umeme. Mpwa ana akili zangu. Urembo ni wa mama yake.

Nikakuta cherehani kimya. Jumapili nyingine zote kinakwenda hata mimi nikiongea.

"Mjomba," mpwa akasema, "nimechaguliwa."

Kumbe kwa ajili ya vinu vipya wanafundisha waongozaji mapema: wale wanaokaa chumba chenye taa na vifungo, wakilinda mtambo usiku na mchana. Mafunzo ni miaka miwili, mji mwingine. Walioomba hawahesabiki, waliopata ni wachache, na yeye ni mmojawapo. Anatakiwa kujibu kabla mwezi wa nne haujaisha.

Nikaruka. Nikasema damu haipotei. Nikasema hata mimi ningekuwa huko kama si yule mwalimu. Halafu nikaona dada hajanyanyua uso.

"Haendi," akasema.

"Dada!"

"Kituo kimoja kimekula baba. Cha pili hakitakula mtoto."

Shemeji yangu alikuwa mpakuaji wa makaa ya mawe kwenye kituo kile cha zamani upande wa pili wa mji. Alikohoa miaka mingi, na mwishoni alikuwa akilala ameketi. Alikuwa mtu mkubwa, mbeba magunia. Nilimnyoa mara ya mwisho akiwa mwepesi kama koti.

"Mama, nyuklia si makaa," mpwa akasema taratibu. "Haina moshi."

"Na hayo ya nywele? Nayo uongo?"

"Nywele gani?" nikauliza.

"Za yule mchomeleaji. Mteja wangu kaniambia. Kavua kofia, nywele zikabaki ndani, na njia yake pembeni. Na meno mawili."

Meno! Mimi meno sikuyaweka. Lakini mtu humtambua mbuzi wake sokoni hata akipakwa rangi. Nikaangalia chai yangu.

Mpwa akanisindikiza hadi njiani. Nikamwambia wewe ni mtu mzima, ondoka tu, mama yako atazoea. Akasema, "Bila radhi ya mama siendi, Mjomba. Kazi yenyewe ni ya kukaa macho saa nane mfululizo bila kuwaza kitu kingine. Nitakaaje macho moyo wangu ukiwa huku?"

Jumatatu, 17 Machi

Nimeamua kumrudisha mbuzi zizini. Benchi lilipojaa nikasema kwa sauti, "Jamani, ile habari ya Yai ilikuwa mzaha. Yule kazaliwa hivyo."

Mzee mmoja akakohoa. "Wamekutembelea, eeh?"

"Nani?"

"Si lazima useme, Wembe. Tunaelewa. Una familia."

Fundi simu akanikonyeza. "Juzi kofia ina ufunguo wa serikali, leo mzaha. Hiyo tunaita nini? Ufunguo umezungushwa."

"Nyinyi watu, nawaambia kweli!"

"Ndiyo, ndiyo," wakaniitikia, kama watu wanaombembeleza mgonjwa.

Hadi jioni habari ilikuwa kwamba Wembe ametishwa na watu wa gari jeusi. Hata mimi nimeanza kuliogopa hilo gari.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Ndevu. Mvua.

Jumamosi, 22 Machi

Yai alikuja leo. Hakukaa kwenye kiti. Alisimama mlangoni, koti linachuruzika, na benchi zima likasogea upande mmoja kama bati lililoinamishwa.

"Unaona?" akaniambia. "Unaona wanavyosogea? Mwenye duka la mkate ananiwekea chenji sakafuni. Jana mwanamke kaniuliza kama usiku nang'aa, eti mtoto wake anaogopa giza, niende nikakae dirishani."

Mtu mmoja kwenye benchi alianza kucheka akajizuia.

"Yai, ndugu yangu, keti."

"Siketi. Miaka yote nachomelea mabomba yale. Kifuani nina kidude kinachopima mionzi, kila nikitoka kinasomwa, na sijawahi kurudishwa. Lakini Wembe na mdomo wake kaninyoa nywele ambazo sikuwahi kuwa nazo!"

Nikatoa watu wote nje, mvua au si mvua. Nikamweleza habari ya mpwa na dada. Alisikiliza. Yai si mtu mbaya. Ana mikono ya kuchomelea bomba jembamba kama kidole bila kutetemeka, na roho yake inafanana na mikono yake. Mwisho akauliza, "Dada yako yuko nyumbani Jumapili?"

"Wiki ijayo yupo."

"Nitakuja na ushahidi."

Jumatano, 26 Machi

Umeme hakuna tangu jana. Nguzo imeanguka kwa mvua, wengine wanasema kituo cha makaa kimeharibika tena. Nanyoa kwa mkasi na wembe wa mkono, kama baba yangu. Mainjinia wa mitambo mikubwa wamekaa gizani kwangu wakishika kioo karibu na dirisha.

Jumapili, 30 Machi

Hii lazima niiandike yote.

Dada alikuwa anapiga pasi sare, mpwa anamenya viazi. Mlango ukabishwa. Akaingia Yai. Nyuma yake akaingia kaka yake, upara. Nyuma ya kaka akaingia mdogo wao, upara. Mwisho akaingia mzee mwenye fimbo, baba yao, fundi viatu ambaye kinu hajakiona hata kwenye picha, na akavua kofia yake kwa heshima mbele ya dada, na mwanga wa taa ukaruka kichwani pake ukagonga ukuta.

"Mama," Yai akasema, "huu ndio ushahidi. Nywele za ukoo huu zilipotea kabla umeme haujagunduliwa."

"Na babu yao alikuwa hivi hivi," mzee akasema. "Tulimzika, kaburi likang'aa." Nikajua nimepata mwenzangu.

Dada akaweka pasi chini. Alianza kutetemeka mabega, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Sijamwona dada akicheka hivyo tangu shemeji. Alicheka hadi akashika ukingo wa meza, na wale wapara wanne wamekaa kwenye benchi lake wamejipanga kama kabati la vikombe. Akawawekea chai wote.

Nikaona mambo yamekwisha. Nikafungua mdomo: "Kwa hiyo, dada, zile habari za watu wa mitaani..."

"Watu gani wa mitaani?" akasema. "Nilijua ni zako tangu siku ile. Nani mwingine angeziacha nywele na njia pembeni?"

"Ulijua?"

"Mdogo wangu, nimekubeba mgongoni. Uongo wako naujua kwa harufu."

"Sasa kama ulijua, mbona..."

Akafuta macho kwa kitambaa cha sare. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Akasema, akimwangalia Yai wala si mimi, "Siogopi nywele. Mume wangu alipakua makaa. Kila Ijumaa walimpa maziwa, yeye na wote waliokuwa upakuaji. Msimamizi alisema: ni vumbi tu, maziwa yanasafisha kifua. Alikunywa, na yaliyobaki akamletea huyu mtoto. Sisi tukafurahi, tuna maziwa. Kumbe daktari wao alikuwa na picha za vifua vyao kabatini, na mule kituoni wakubwa wote walijua. Watu wazuri, waliotusalimia. Hakuna aliyekuja kwenye mlango huu kusema."

Hakuna aliyekunywa chai.

"Basi mimi hilo ndilo naliogopa. Si mionzi. Naogopa maziwa."

Kisha akamgeukia binti yake. "Nikuulize. Ukiwa mule ndani, kitu kikaharibika, wakubwa wakakwambia nyamaza, utafanya nini?"

Mpwa alikuwa na kisu na kiazi mkononi. Hakujibu haraka. Mimi ningekuwa na majibu matatu tayari, moja lina farasi. Yeye akasema, "Sijui, mama. Napenda kusema nitapiga kelele. Lakini sijawahi kuwekwa mahali hapo. Sijui."

Dada akarudi kwenye pasi yake. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Njiani nilimgombeza mpwa: jibu gani lile, mama yako alikuwa mkononi! Akanijibu, "Mjomba, kama ningempa maneno matamu, yangekuwa ni nini kama si maziwa?"

Jumatano, 2 Aprili

Nimenyoa watu wengi leo na sijasimulia kitu. Fundi simu ameniuliza kama naumwa.

Jumanne, 8 Aprili

Mpwa alipita kujikinga mvua. Benchi lilikuwa tupu, wengi wako kinuni, kazi imekolea. Kioo changu kilikuwa kimefunikwa na mvuke wa maji ya moto. Nikamwuliza, kwa vile nimekuwa nikikieleza kinu hiki miaka mingi, hivi hasa kinafanyaje kazi?

Akachora kwa kidole kwenye mvuke. Hapa kuna fimbo za urani zinazopasha maji joto, hapa mvuke unazungusha mashine, hapa umeme. "Na hizi," akasema, akichora mistari juu, "ni fito za kuzimia. Zimening'inizwa kwa sumaku ya umeme. Umeme ukikatika, sumaku inaachia, zinashuka zenyewe kwa uzito wao, kinu kinazimika."

"Yaani hakuna wa kuzisukuma?"

"Hakuna. Ila kinabaki na joto, lazima kipozwe siku nyingi baada ya hapo. Hapo ndipo watu wanahitajika, na hapo ndipo wa nchi nyingine walikosea."

Nilimwangalia akiongea. Huyu mtoto niliyekuwa nikimrusha juu alikuwa akiniambia sehemu nzuri na sehemu mbaya kwa sauti moja, kama mtu anayesoma bei. Nilikuwa nikidhani hana hadithi ndani yake. Zile fito zinazoanguka zenyewe, mimi ningezisimulia mwezi mzima, na sina hata cha kuongeza.

"Na mama yako?"

"Anashona." Akafuta kioo kwa kiganja. "Juzi kaniuliza kama huko kuna baridi. Nikasema sijui. Akasema wewe hujui vitu vingi."

Ijumaa, 11 Aprili

Kesho mkutano wa maoni kuhusu vinu vipya, ukumbi wa shule. Nimechaguliwa kuwasemea wafanyabiashara wadogo. Kwa kweli nilijichagua, ila hakuna aliyepinga. Nimepiga pasi suruali mwenyewe.

Jumamosi, 12 Aprili

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mvua juu ya bati ilikuwa kali, bwana aliyetumwa na Wizara ya Nishati alilazimika kupiga kelele. Ana suti nzuri na kisogo cha mtu asiyelala vya kutosha. Alionyesha picha za vinu vipya, vyeupe, na miti ambayo haijapandwa. Akasema umeme utakuwa wa uhakika, kituo cha makaa kitafungwa, na usalama ni asilimia mia moja.

Nikaitwa mimi. Nilikuwa nimeamua. Nikasimama nikasema kweli tupu, bila chumvi wala pilipili: kwamba watu wa kinu hunyolewa kwa ajili ya barakoa, kwamba barakoa haishiki kwenye ndevu, kwamba Yai alizaliwa na upara na nimewaona baba yake na ndugu zake.

Ukumbi mzima ulianguka kwa kicheko.

"Wembe, tuwekee na meno!" mtu akapiga kelele nyuma.

"Waambie kofia iko wapi!"

Hata bwana wa Wizara alicheka, akidhani mimi ni kiburudisho kimeandaliwa. Nikaketi. Maisha yangu yote nimesema uongo nikaaminiwa, na siku niliyosema kweli ndiyo siku niliyochekesha zaidi. Nilitaka sakafu inimeze, lakini ni ya saruji.

Ndipo nikaona dada amesimama. Hajawahi kusema mbele ya watu. Alikuwa na tepu ya kupimia shingoni, amesahau kuivua.

"Bwana," akasema, "mume wangu alikuwa kituo cha makaa. Naye aliambiwa mia moja."

Kicheko kikafa.

"Pole sana, mama. Lakini hii ni teknolojia tofauti, hatari yake..."

"Sijauliza kama hatari ipo. Hata cherehani kina hatari, kimenitoboa kidole mara nyingi. Nauliza hatari ikija, nani ataniambia?"

"Kuna utaratibu, mama. Kuna idara nzima ya mawasiliano kwa umma."

"Idara ina mama yake hapa mjini?"

Watu wakaanza kuguna. Bwana wa Wizara akapekua karatasi zake.

"Basi mimi wa kuniambia ninaye," dada akasema. "Mmemchagua binti yangu kwa vile vinu vyenu. Nilimkataza. Nikamwuliza, wakubwa wakikwambia nyamaza, utafanya nini? Akanijibu hajui. Mimi, tangu nizaliwe, hakuna mtu wa umeme aliyewahi kuniambia hajui. Huyo atakwenda. Namtoa mimi mwenyewe. Lakini taa mbaya ikiwaka mule ndani, atanipigia mimi simu, na mimi nitawaambia hawa wote, nyumba kwa nyumba. Na wenzake nao wawe na watu hapa mjini. Wanaolinda moto walale karibu nao."

Makofi. Hata wapinga vinu walipiga, na walikuwa wengi.

Bwana wa Wizara akainua mkono. "Mama, naelewa hisia zako, ila kuna kanuni. Mwongozaji hawezi kutoka tu kwenye mtambo kupiga simu kwa..."

Mpwa akasimama upande wa pili wa ukumbi. "Nitaripoti kwanza kwa mkuu wa zamu, kama kanuni inavyosema. Nitauweka mtambo salama. Kisha nitampigia mama."

Dada akafikiri. Mji mzima ulimsubiri.

"Hiyo sawa," akasema, akaketi.

Sikulia. Kulikuwa na matone kutoka kwenye bati.

Jumapili, 13 Aprili

Kote mjini wanazungumza habari za dada. Wengine wanavitaka vinu, wengine hawavitaki, wengine wanataka kazi ya saruji tu. Lakini wote wanasema: na simu je? Fundi simu amebandika tangazo kwamba yeye ndiye atakayetengeneza simu ya mama wa kinu bure.

Ijumaa, 18 Aprili

Kinu cha zamani kimewashwa. Wanaume wanaondoka mjini, na ndevu zao zinaanza kuchipua kituoni wakisubiri mabasi. Yai alikuja kunyoa, akaketi, benchi halikusogea.

Jumamosi, 26 Aprili

Ameondoka leo asubuhi, mvua nyepesi. Dada alimfumia sweta nzito, kwa sababu hakuna aliyejua kama huko kuna baridi. Hakumwambia maneno mengi. Alimshika uso kwa mikono miwili, akasema, "Nimekupa radhi. Sasa usinidanganye," halafu akarudi kushona, kulikuwa na sare za watu.

Mimi nilimwambia awasalimie wakubwa, awaambie ni mpwa wa Wembe. Akasema atawaambia. Namjua, hatawaambia.

Jumapili, 4 Mei

Mvua imekatika. Jua limetoka na mji mzima umeanika nguo.

Nilikuwa kwa dada simu ya kwanza ilipoingia. Kulikuwa na mama wawili wanaosubiri sare. Dada aliweka sauti ya juu ili nami nisikie. Mpwa alisalimia, akasema anakula vizuri, baridi haipo, sweta anaijaribu usiku.

"Mama, kuna kitu. Kuna chumba cha mazoezi, kina taa na vifungo kama vya kweli, ila hakijaunganishwa na kitu. Leo ilikuwa zamu yangu. Taa ya pampu iliwaka, nikadhani ni ile ya pembeni, nikafunga bomba lisilohusika. Kwenye mazoezi kinu kikajizima. Ingekuwa kweli, mji mzima ungekaa gizani. Niliona kosa kabla mwalimu hajaona. Nikamwambia."

"Akasemaje?"

"Alinirudisha mwanzo. Wenzangu wote wamefaulu hatua ile, mimi bado."

Nilimwonea huruma. Nikatafuta neno la kumfariji, nikakumbuka kisa cha injinia niliyemnyoa, lakini dada alinyanyua mkono ninyamaze.

"Vizuri," akasema kwenye simu. "Rudi ukajifunze."

Akakata, akaketi kwenye cherehani. Mmoja wa wale mama akasema, kwa ule upole wa watu wanaojilinganisha, kwamba mwanawe yuko chuo cha uhasibu na amekuwa wa pili darasani.

"Hongera," dada akasema, na nikaona mgongo wake umenyooka kama wa bibi harusi. "Wangu amekosea. Na amenipigia simu kusema."

Akawaeleza kosa lote, taa ile, bomba lile, pampu ya pembeni, tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuongeza kitu.

Mimi ningeweka moshi kidogo.